Kila Amwonaye Malimi Atoe Damu

Homa ilimwachia Malimi siku ya gulio. Habari ilipofika sokoni Bariadi, nusu ya soko ikahamia wodini kumpongeza.

Mkewe, Mektilda, alifurahi. Tangu aolewe pale Nkoma hajawahi kubandika sufuria dogo. Kwake nyumba isiyo na wageni ni ghala. Watu walijaa mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akawa anaamkiwa na watu asiowajua, naye anaitikia.

Shida ilikuwa adabu ya Malimi. Kila aliyeingia na salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka, ng'wana Shija!", alimfanya ajiinue, akae, aitikie, aulize ng'ombe, watoto, hata mvua ya kwao. Akimaliza anahema kama aliyefukuzwa na fisi, midomo rangi ya jivu.

Daktari Constantine akamwita Mektilda kando.

"Mama, homa si tatizo tena. Virusi vilivyoleta homa vimeingia kwenye moyo. Moyo umelegea, ndiyo maana miguu imevimba. Wagonjwa wa namna hii tunawapoteza wakati ndugu wameshaanza kushangilia. Nataka alale. Asiinuke mpaka niseme mimi."

"Na wageni?"

"Hao ndio watakaommaliza."

Kufukuza mgeni Mektilda hakujua kunaanzia wapi. Akaenda kwa Kabula, muuza mitumba, ambaye hajawahi kuambiwa jambo akalala nalo.

"Dada, usimwambie mtu. Malimi anahitaji damu. Kila anayekwenda kumwona, wanamtoa damu."

"Hata wa salamu tu?"

"Hao ndio wanaoanza nao."

"Wanatoa nyingi?"

"Hawasemi."

Kabula alifunga robota lake mapema siku hiyo.

Kesho yake wodi ilikuwa nyeupe. Mdogo wake Malimi alituma salamu kutoka Malampaka kwamba mguu unamsumbua. Kwaya ya parokia ilimwombea ikiwa ng'ambo ya barabara.

Malimi akalala. Miguu ikaanza kunywea. Ila macho hayakutoka mlangoni.

"Mama Salu, nimewakosea nini watu?" akamuuliza mkewe.

"Wako kwenye palizi."

"Palizi, mwezi wa saba?"

Akageukia ukutani. Mektilda akaona bega linatikisika, akawa hajui tena kipi kitamuua, wageni au kukosa wageni.

Ndipo akatokea Ngassa, mkono wa shati umekunjwa mpaka begani. Ngassa alikuwa mpima pamba wa chama cha msingi cha ushirika. Wanunuzi binafsi walipofika na malori yao, wa kwanza kuwapelekea pamba alikuwa Malimi, rafiki yake. Tangu hapo hawajasemeshana.

Mektilda akaziba mlango. "Shemeji, nakuomba. Moyo wake hautaki ugomvi."

"Nani kasema nimekuja kuongea naye? Nimekuja kutoa damu."

Malimi aliisikia ile sauti. Akaanza kujiinua.

"Lala!" Ngassa akafoka. "Sijakusalimia."

Malimi akalala.

Nesi aliuliza damu ni ya nani, akamtazama Mektilda, akaelewa. Jokofu la damu halikuwa na kitu, na wodi ya wazazi haikosi mwenye shida. Akamtoa Ngassa damu.

Ngassa akaendelea kuja kila asubuhi. Anavuta kigoda, anakaa, anatazama dirisha, hasemi neno. Malimi anatazama dari. Daktari alisema hajawahi kuona mgeni mzuri namna ile.

Siku daktari alipousikiliza moyo kwa muda mrefu kisha akasema mgonjwa sasa anaweza kukaa, Ngassa alikuwepo. Alikohoa.

"Mwangaluka, ng'wana Shija."

Malimi akajiinua, akakaa, akaitikia. Akauliza ng'ombe. Akauliza watoto. Akauliza mvua. Akauliza hata mizani.

"Ipo. Inapima vumbi," Ngassa akajibu.

Mektilda hakusikia hata moja. Alikuwa anatazama midomo. Rangi haikuhama.

Akajifunga kanga vizuri, akatoka kwenda kumtafuta Kabula.

"Dada," akasema, "usimwambie mtu. Wameacha kutoa damu."