Ua la Mgomba na Bastola ya Gaudiosus

Katika Nyakatuntu nzima hakuna mwanamume aliyewahi kumdanganya Kemirembe. Ndivyo alivyojitapa mwenyewe, kifua mbele, kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, mkononi. Ukimtazama kidogo bila kusema neno, atakuna shingo na kuongeza: isipokuwa mume wa kwanza. Na yule wa pili. Na mwuza chumvi mmoja, lakini huyo alikuwa na macho mazuri, kwa hiyo hahesabiwi.

Basi Gaudiosus aliporudi kutoka Mombasa, mwaka mmoja baada ya vita vya Wazungu vya mara ya pili kwisha, Kemirembe alimsikiliza kwa sikio moja tu. La pili alilitunza kwa ajili ya ukweli, kama ungekuja.

Kijana alikuwa na mengi ya kusikilizwa. Kila jioni wanaume walikusanyika uani kwa Kashaija, mdogo wake Kemirembe, wakitafuna kahawa na kumchokoza aanze. Naye hakungoja kuchokozwa mara mbili. Alisema huko Kilindini alikaa miaka mitatu ndani ya nyambizi, meli ya chuma inayozama kwa makusudi.

"Kwa makusudi?" Kashaija akauliza. "Na waliomo?"

"Wanazama nayo, baba. Wanakula humo, wanalala humo. Baada ya wiki tatu wanaibuka."

"Wakiwa hai?"

"Wakiwa hai, ila wananuka kama beberu."

Alieleza pia kuwa nyambizi haiwezi kujilea yenyewe. Ipo meli nyingine, kubwa kama kanisa, isiyopigana na mtu. Kazi yake ni kukaa bandarini tu, nyambizi zikija zinajipanga ubavuni mwake kama machipukizi kwenye mgomba mama, zinapewa mkate, maji, mafuta na mabomu ya kwenda nayo. Kuhusu meli hiyo Gaudiosus alijua kila kitu, mpaka idadi ya ngazi zake na mahali penye moto wa kukaushia nguo. Lakini akiulizwa habari za ndani ya nyambizi yenyewe, alikohoa, akasema ni siri ya mfalme.

Kisha alifungua sanduku lake na kutoa bastola. Haikufanana na bunduki yoyote waliyoiona. Mdomo wake mrefu, mpini wa mbao umechongwa ukafuata vidole, na ilimeza risasi moja tu kwa wakati, risasi nyembamba kama punje ya mtama iliyorefuka.

"Hii ni ya shabaha," alisema. "Maofisa waliipigia nyuma ya meli, kushindana. Mimi niliwashinda wote, ndipo mkubwa wao akanipa."

"Inaua nini?"

"Haiui kitu. Inalenga karatasi."

Kashaija alitafuna kahawa yake polepole. "Karatasi iliwakosea nini?"

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Ta Melkiory. Huyu alikuwa mnunuzi wa kahawa aliyezaliwa na kukulia Bukoba mjini, mjane mwenye watoto watatu wakubwa, kofia nzuri na baiskeli yenye kengele mbili. Alikuwa amekuja kununua kahawa ya Kashaija, lakini siku hizi alimtazama zaidi binti wa mwenyeji wake, Kokugonza. Na Kokugonza alimtazama Gaudiosus. Mambo yalikuwa wazi hivyo, hata kuku waliyajua.

"Shangazi," Kokugonza alimwambia Kemirembe wakimenya ndizi, "nikiolewa na Ta Melkiory nitamwitaje? Mume wangu au babu?"

"Utamwita kwa upande anaosikia. Sikio la kushoto limeshakufa."

"Shangazi, mimi silali kwa ajili ya jambo hili na wewe unacheka!"

"Nacheka nikifikiri, mwanangu. Wengine hulia wakifikiri. Matokeo ni yaleyale."

Siku ya tatu alipata la kufikiri. Kemirembe alikuwa ameanika nguo zake kwenye ua wa miti, akaingia ndani kufuata tumbaku. Alipotoka, alimkuta Gaudiosus amesimama mbele ya gauni lake la kanisani. Kijana alitazama huku na huku. Halafu, kama mlevi aliyeona kibuyu, akalishika. Akalipiga kofi mara mbili likanyooka, akakunja mikono ya gauni kwa nyuma, akalikunja tatu, akapitisha kiganja juu, na gauni likawa bapa kama kitabu cha sala. Yote hayo kwa muda wa kupiga chafya mbili.

"Ehe," alisema Kemirembe. "Ndivyo mnavyopiga shabaha huko?"

Gaudiosus aliruka. "Shikamoo shangazi. Nilikuwa... lilikuwa linataka kuanguka."

"Marahaba. Gauni langu lina miaka kumi na moja, halijawahi kutaka kitu. Hebu kaa hapo uniambie ulifua nguo za watu wangapi."

Alikaa. Akasema. Hajaingia nyambizi hata siku moja. Aliiona kutoka juu, kupitia dirisha la chumba cha dobi kwenye ile meli mama. Wale waliotoka baharini na uvundo wao walimwaga nguo zao mlangoni kwake, naye alifua, akapiga pasi, akakunja, miaka mitatu. Bastola alipewa kweli, lakini kwa sababu ya kaptula nyeupe. Mkubwa mmoja alisema hajawahi kupigiwa pasi namna ile tangu azaliwe. Shabaha? Alichofanya Gaudiosus kwenye shabaha ni kubandika karatasi na kukimbia.

"Usimwambie baba Kokugonza," alisihi. "Atampa binti yake mwanamume anayefua nguo za wanaume wenzake?"

Kemirembe alijua jibu. Kashaija asingempa hata mbuzi. Katika nyumba ile mwanamume kushika nguo yenye maji ilikuwa aibu ya ukoo, ya kufichwa pamoja na wizi. Lakini Kemirembe aliangalia lile gauni bapa, akawakumbuka waume wake wawili, Mungu awarehemu, ambao hawakujua shati huingilia maji upande upi.

"Mwanamume anayefua!" alinong'ona, kama mtu aliyeokota lulu kwenye shimo la takataka. "Na anayekunja! Kijana, binti yetu humwachi ng'o. Wewe endelea kudanganya, ila danganya kidogokidogo. Mengine niachie."

Haikuwezekana kidogokidogo. Jioni ileile Ta Melkiory alisimama mbele ya watu akasema maneno matupu hayavunji mfupa. Kama kijana ni mpiga shabaha, apige Jumapili baada ya misa, watu wote waone. Kashaija aliona ni haki.

"Hapahapa kibanjani kwangu, kati ya migomba," alisema. "Hatua thelathini. Utapiga ua la mgomba mpaka lianguke. Likianguka, leta wazee wako tuzungumze habari ya Kokugonza. Lisipoanguka, Ta Melkiory atapata jibu lake siku hiyohiyo, na wewe usinisumbue tena na nyambizi zako."

Mnajua ua la mgomba: lile zambarau, kubwa kama moyo wa ng'ombe, linaloning'inia chini ya mkungu kwenye kikonyo chake. Sisi hulikata ili ndizi zinenepe. Kulikata kwa kisu kilichofungwa kwenye mti mrefu ni kazi ya mtoto. Kulikata kwa risasi ya kulengea karatasi, hilo lilikuwa jambo jingine.

Gaudiosus alikuja kwa Kemirembe akiwa na rangi ya jivu. Alisema risasi zimebaki tatu, zimekaa kwenye kopo tangu Kilindini, na yeye hawezi kulenga hata nyumba akiwa ndani yake.

"Ikipigwa, inalia sana?" Kemirembe aliuliza.

"Hailii. Ni bastola ya shabaha, shangazi. Ni 'ka' tu, kama kijiti kikavu kinavyovunjika."

"Basi mimi nitasikiliza 'ka'. Wewe elekeza mdomo mahali pasipo na watu, mengine ni yangu."

Jumapili, watu wakiwa bado kanisani, Kemirembe aliugua tumbo. Aliugua vizuri sana, mpaka padre akamwombea. Kisha akaenda kibanjani na kisu, akakikereza kikonyo cha ua mpaka kikabaki kushikiliwa na ngozi tu. Akafunga chini ya mkato kamba aliyoisokota kwa nyuzi za mgomba, rangi moja na majani makavu yaliyotandazwa chini, akaivuta mpaka nyuma ya rundo la majani. Ncha akaizungushia kifundo cha mkono mara tatu, maana mikono yake ilikuwa na jasho. Akajilaza humo kama kanga anayeatamia.

Watu walikuja. Kashaija alihesabu hatua. Ta Melkiory alijitolea kuwa mwamuzi, akasimama karibu na ule mgomba, nyuma ya shina nene. Kokugonza alisimama na wanawake, amejifunika mdomo kwa kitambaa chake. Gaudiosus alitia risasi moja, akanyoosha mkono, akafumba macho yote mawili.

"Unafumba yote?" mtu akauliza.

"Ndivyo ilivyo kwenye nyambizi," akajibu. "Kule ni giza."

Akavuta.

Ka.

Kemirembe akavuta pia. Ua likaanguka, puu!

Lo, vigelegele! Kokugonza aliruka mpaka kitambaa kikaanguka. Wanaume walimshika Gaudiosus wakamwinua juu, bastola na yote. Kashaija alijipiga magotini kwa viganja, akisema, "Jamani! Jamani! Hata moshi hakuna!" Na ndani ya rundo, Kemirembe aliuma kanga yake ili asicheke.

"Ngojeni!" Ta Melkiory alipaza sauti. "Ngojeni, mimi ndiye mwamuzi! Risasi haikugusa ua."

Wanaume waliombeba Gaudiosus wakageuka.

"Mimi nilikuwa hapa. Nimeiona kwa macho yangu haya. Imepita kushoto, karibu na sikio langu, nimesikia inavyolia, vuuu! Ua limeanguka kwa mshituko. Nimezoea bunduki tangu vita vya Mjerumani, siwezi kukosea. Na kama hamwamini, njooni." Akawapeleka kwenye mgomba wa jirani, akainama, akaingiza kidole kwenye tundu karibu na ardhi. "Hii hapa, imeingia hapa. Bado lina joto!"

Watu walitazama tundu. Wakatazamana. Wazee wawili wakaanza kukohoa.

Gaudiosus alikuwa ameshushwa chini. Alimtazama Kokugonza, aliyekuwa ameanza kulia, halafu akaifungua ile bastola. Kemirembe, kutoka rundoni, aliona jambo ambalo hakulipanga: kijana alitoa risasi, nzima, kichwa na mwili, akaiweka kwenye kiganja cha Kashaija.

"Baba, haikulipuka," alisema. "Imeoza. Hakuna risasi iliyotoka hapa leo. Na mimi si mpiga shabaha. Sijaingia nyambizi. Nilikuwa dobi kwenye meli inayozihudumia. Nilifua."

Kashaija aligeuza ile risasi kiganjani. Neno "nilifua" lilikuwa limemwingia kama mwiba. Kemirembe aliiona taya ya mdogo wake ikikaza, akajua mambo yameharibika, na moyo ukamshuka mpaka tumboni, lile tumbo alilougua.

Kisha Kashaija aligeuka polepole kwa mwamuzi.

"Ta Melkiory. Risasi iliyopita sikioni mwako ni hii?"

Kidole cha Ta Melkiory bado kilikuwa tunduni.

"Na tundu hilo lenye joto. Unajua ni la nani?"

"La... la risasi."

"Ni la fukusi," alisema Kashaija. "Mdudu wa migomba. Nina kama hayo mia mbili, yananiamsha usiku. Mtoto wa miaka minne hapa anayajua."

Kicheko kilichotoka hapo kiliwatimua ndege mpaka mtoni. Ta Melkiory alitoa kidole, akakipangusa kwenye kofia, kisha akagundua ni kofia.

Kashaija hakucheka. Alikuwa akipima.

"Mkwe anayefua," alisema mwishowe, "naweza kumficha. Atafua ndani, mlango umefungwa. Lakini mkwe anayetia kidole kwenye tundu la fukusi akaliita vita, nitamficha wapi mimi? Gaudiosus, leta wazee wako Jumamosi. Na hilo dude la kulengea karatasi ulipeleke kwa mkuu wa wilaya kabla hawajaja kulichukua wenyewe. Ta Melkiory, kahawa yangu utaikuta ghalani kama kawaida."

Kokugonza alikimbilia jikoni kuficha uso. Wanawake wakaanza tena vigelegele, vya kweli sasa.

"Ila jambo moja," Kashaija aliinua mkono. "Risasi haikutoka. Upepo hakuna. Hili ua limeangushwa na nani?"

Kemirembe aliona ni wakati wa kuwa mahali pengine. Alitambaa nyuma ya migomba, akazunguka kwa upande wa jiko, akajikung'uta majani, akatokea akitembea kwa mwendo wa mgonjwa, mkono mmoja tumboni.

"Dada!" alisema Kashaija. "Ulikuwa wapi?"

"Kitandani, mdogo wangu. Tumbo hili! Nimesikia kelele tu, ndiyo nikajikokota. Kuna nini? Nani kapiga nini?"

"Hukufika huku kibanjani?"

"Nitafikaje? Tangu nitoke kanisani sijanyanyua hata mguu."

Watu wote, pamoja na padre aliyemwombea, walikuwa wanatazama nyuma yake, chini. Kemirembe aliposimama, kitu nyuma yake nacho kikasimama. Alipopiga hatua moja ya kumkaribia mdogo wake, kamba ikakaza kifundoni mwake, kitu kizito kikakwaruza majani makavu, na lile ua la zambarau likamfuata kwa utii, hatua moja.