Usingizi wa Nusu Mwili

Wauguzi wa wodi ya mifupa walimpa jina la Taratibu siku ya pili tu tangu afike, kwa sababu kila aliyemsemesha alijibiwa, "Taratibu, tafadhali." Alikuwa mwanafunzi wa uuguzi kutoka nchi ya mbali, ambako alisoma Kiswahili mwaka mzima na kupata alama nzuri. Sasa alikuwa na miezi minne ya mazoezi hospitalini, na alama zile hazikumsaidia sana. Darasani watu walisema sentensi moja moja na kungojana. Wodini walimeza maneno, walitaniana huku wakifunga bandeji, naye akabaki anatabasamu kama mtu aliyejikuta kwenye harusi ya watu asiowajua.

Kwenye kitanda cha sita alilazwa bibi mmoja, fundi cherehani mstaafu, aliyeteleza bafuni na kuvunjika nyonga. Alihitaji kupasuliwa, tena haraka. Daktari alikuwa amemweleza mara tatu. Kila mara bibi aliitikia vizuri, "Nimeelewa, daktari, asante sana," lakini akiletewa fomu ya idhini alisukuma kalamu pembeni na kuomba maji. Binti yake wa pekee, mwalimu wa shule ya msingi, alimbembeleza hadi machozi yakamtoka. Bibi alimpapasa mkono tu. "Kesho, mwanangu."

Asubuhi ya siku ya tatu, Sista Mkuu wa wodi alimtuma Taratibu akamwogeshe bibi. Taratibu alijaza beseni maji ya vuguvugu, akachukua taulo na sabuni, akaenda akirudiarudia sentensi yake kimoyomoyo. Akavuta pazia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kukuogopesha."

Bibi alimtazama. Akatazama beseni, akatazama taulo. Kisha kicheko kikamtoka, kicheko cha tumbo hasa, hadi akalalamika kuwa nyonga inamuuma. Mgonjwa wa kitanda cha saba akadakia kutoka upande wa pili wa pazia, "Mwogopeshe vizuri, na mgongoni usisahau!"

"Kukuogesha, mwanangu," bibi alisema akijifuta macho. "Kuogopesha ni kumtia mtu hofu."

Uso wa Taratibu uliiva kwa aibu. "Samahani sana, bibi. Sitaki uogope."

"Mbona nimeshaogopa," bibi akajibu kwa sauti ya chini, na kicheko chote kilikuwa kimekwisha.

Taratibu alilowesha kitambaa, akakikamua, akaanza kumfuta uso. Alitamani kusema jambo la maana, lakini maneno yake yalikuwa machache, akauliza lile aliloliweza.

"Unaogopa nini?"

Wengine wote walikuwa wamekuja na maelezo. Bibi aliinua kidevu ili kitambaa kifike shingoni.

"Wewe nitakuambia," alisema hatimaye, "kwa sababu nusu yake hutaielewa."

Akaanza kunong'ona. Mwalimu hakuwa wa tumbo lake. Alikuwa mtoto wa mdogo wake, aliyefariki kwa homa ya uzazi, naye bibi alimchukua akiwa na siku nne. Hakuwahi kumwambia. Kila mwaka alipanga kumwambia na kila mwaka ulimi ulikuwa mzito. "Na wanasema mtu akishapigwa sindano ya usingizi hubwabwaja yote yaliyomo moyoni. Asikie vile? Kutoka kwa mtu asiyejua hata anasema nini?"

Bibi alikosea hesabu. Taratibu alikuwa ameelewa karibu yote.

"Sitasema," alimwambia, akimkausha mikono. "Lakini naweza kuuliza juu ya usingizi? Usingizi tu."

Bibi alifikiri, kisha akakubali kwa kichwa.

Sista Mkuu alimsikiliza akiwa amesimama kwenye meza ya dawa. "Anaogopa atasema akiwa amelala? Atasema nini?"

"Hilo ni lake, Sista."

Sista Mkuu, mwenye miaka ishirini na minane wodini, hakuuliza tena. "Sisi tunamweleza habari za mfupa siku zote hizi," alisema, "kumbe mwenzetu yuko kwingine kabisa."

Kabla ya saa sita mchana alikuja daktari wa usingizi, akavuta kiti, akaketi.

"Bibi, wewe nitakuchoma sindano ya mgongoni. Kiuno kwenda chini ndiko kutakakolala. Kichwa kitakuwa macho, na mdomo utabaki wako. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Ukitaka kunisema, nitakusikia."

"Usingizi hakuna kabisa?"

"Wa nusu mwili, bibi."

Bibi akaomba kalamu.

Siku ya upasuaji Taratibu aliruhusiwa kukaa kichwani pake na kumshika mkono. Nyuma ya kitambaa cha kijani madaktari walianza kugonga.

"Wanatengeneza kabati?" bibi aliuliza. Taratibu alicheka ndani ya barakoa. Baada ya kitambo bibi akaongeza, taratibu kweli ili aeleweke, "Mdogo wangu alikuwa na vidole virefu kama vya mwalimu. Natamani kumwambia mtu hivyo."

"Mtu gani, bibi?"

Bibi alimbana mkono.

Siku tano baadaye, saa ya kuona wagonjwa, bibi aliomba pazia livutwe na waachwe wawili, yeye na binti yake. Taratibu alijitafutia kazi mbali, akapanga bandeji zilizokwisha kupangwa. Alisikia sauti ya bibi, kisha kilio. Mwalimu alitoka macho mekundu, akanawa uso kwenye sinki.

"Nimemuuliza kama ana picha ya huyo mdogo wake," alisema, bado amegeukia ukuta. "Anasema iko ndani ya droo ya cherehani. Miaka arobaini na moja! Nimefagia chini ya ile cherehani kila Jumamosi." Akageuka. "Ameniambia wewe ulijua."

Taratibu aliitikia kwa kichwa.

"Asante kwa kunyamaza," mwalimu alisema, akamshika bega, akarudi ndani ya pazia.

Kesho yake walimsimamisha bibi kwa mara ya tatu, mwalimu kulia, Taratibu kushoto. "Msinivute kama gunia," aliwafokea. Alitembea hatua sita hadi dirishani, jasho likimtoka, akaomba kiti. Mwalimu alimketisha, akapiga magoti, akamvisha vizuri kandambili iliyokuwa imemtoka mguuni.

"Pumzika, mama," alisema. "Tuna siku nzima."