Samaki wa Juri

Memwari ya Toussaint, tasnifu yake ya kuhitimu, ilikuwa na kurasa tisini na sita, na hakuna hata mmoja alioupata kivulini. Kwa miaka miwili, ukingoni mwa ziwa kutoka Kalundu hadi Kavimvira, aliwapima samaki walionaswa kwa nyavu za chandarua, akathibitisha kwamba ziwa linaliwa kabla halijazaa. Asubuhi hii aliitetea kazi hiyo mbele ya juri, jopo la watahini wake, apate shahada ya masta katika sera za mazingira.

Ziwa lilikuwa limefungwa tangu mwezi uliopita ili samaki watage kwa amani. Profesa Ciza, rais wa juri, ndiye aliyemfundisha Toussaint na wenzake sheria inayokataza uvuvi majira hayo.

Desturi humtaka mtahiniwa ailishe juri baada ya matokeo kutangazwa. Toussaint na dada yake mkubwa, Fabiola, walikuwa wamekubaliana: kuku, sombe ya majani ya muhogo na bugali. Lakini Profesa, kwa kuwa njaa haina adabu, aliagiza chakula kiletwe mapema, utetezi ukiwa bado unaendelea. Fabiola akaingia na sinia, akalifunua.

Walikuwa samaki aina ya mikeke, wachanga bado, urefu wa kidole, wamekaangwa na vichwa vyao.

"Yaya, kuku iko wapi?" Toussaint alimnong'oneza dada yake.

"Papa Profesa alinipigia simu. Eti kuku ni ya harusi, juri inataka samaki ya mubichi. Ningesema nini? Diplome yako iko mu mikono yake!"

"Endelea, mwanangu," Profesa alisema huku akitafuna. "Sura ya tatu iko na nguvu sana." Mafuta yalimtiririka kidevuni, mkia mmoja ulikuwa umemganda mdomoni.

Toussaint aliona kinyaa. Ufukweni alikuwa amekanyaga matumbo yaliyooza na kufukuza mainzi usoni, wala hakutapika. Lakini inzi hajui sheria, huyu aliifundisha.

"Mheshimiwa rais, samaki mnaokula hawajawahi kutaga, na wamevuliwa ziwa likiwa limefungwa. Naomba waondolewe mezani, ndipo niendelee."

Profesa akaangua kicheko. "Muone huyu! Weye unataka kufundisha askofu sala? Samaki wamekwisha kufa. Tukiwatupa, watafufuka?"

"Hawatafufuka. Lakini kesho mvuvi atarudi majini, maana anajua meza inayomngoja."

Kicheko kikakatika. "Omba msamaha," Profesa alisema polepole, "nikupe distinksyo, alama ya juu. Ama urudi mwaka kesho."

Fabiola akamvuta mkono. "Omba tu, kaka! Mama iko nje na wamama wote, wamevaa kitenge kimoja kwa ajili yako!"

Moyo ukamchoma alipomkumbuka mama yake. Hata hivyo, kuomba radhi kwa ulafi wa mwingine aliona ni sawa na kuambiwa ameze kilichotemwa.

"Nitarudi mwaka kesho. Ila sababu iandikwe."

"Andika: kasoro za muundo," Profesa alimwamuru Agnès, katibu wa juri.

"Andika samaki," Toussaint alisema.

Agnès aliwatazama wote wawili. Sahani yake ilijaa vichwa. Akafuta vidole kwenye kitambaa cha meza, akaandika kama alivyoamriwa na Profesa.

Toussaint akaivuta karatasi ili atie sahihi. Juu ya jina lake, kwa mwandiko ulionyooka, akaongeza: *Nimekataa kuomba msamaha kwa samaki walioliwa na juri.* Kisha akatoka kwenda kumweleza mama yake.