Baba Karudi na Theluji

Wardia alikuwa akimwaga majivu mlangoni ili theluji isigande, alipomwona chiriku juu ya mti wa tini uani. Chiriku walikwisha zamani katika milima ile, wametegwa na wanaume wanaopenda kuwafuga, na hata walipokuwepo hakuna aliyeimba Januari. Huyu aliimba. Sauti ilikuwa ya baba yake, Belaidi, waliyemzika wakati wa kuvuna zeituni.

"Wardia, kahawa ipo?"

"Ipo, baba. Utainywaje na mdomo huo?"

"Basi acha. Nimekuja kwa habari ya nyumba. Nyumba ni yako. Uliniuguza humu wakati kaka yako anakula raha mjini."

Wardia alipandwa na hasira, na ilikuwa haki yake. "Mbona hukusema ukiwa hai? Unajua kwetu binti harithi hata jiwe. Kaka Mokrane anataka nihame Ijumaa, auze."

"Niliona haya mbele ya wanaume. Sasa sina masharubu ya kulinda."

"Ndiyo maana umejaa ushujaa," alisema Wardia. Hata hivyo alimrushia makombo ya mkate.

Jioni Mokrane alifika, akamtambua baba papo hapo. Alimwamkia kwa adabu, akamnyooshea kidole. Belaidi akatua, maana ni mwanawe. Mokrane akambusu kichwani, akamtia kwenye tundu.

"Baridi itamuua mzee," alisema.

Kesho yake tundu lilipelekwa kwenye baraza la kijiji. Wardia alisimama nje ya mlango, kwa kuwa wanawake hawaingii. Belaidi alisema yote, bila kuficha. Mzee Hamush, mkuu wa baraza, alisikiliza mpaka mwisho.

"Sauti ni ya marehemu, hakuna ubishi. Na nia yake tumeielewa."

"Kwa hiyo nyumba ni yangu, baba Hamush?" aliuliza Wardia kutoka nje.

"Binti yangu, aliyekufa hana kauli barazani. Sembuse ndege."

Mokrane alitoka akiwa na tundu mkononi. "Dada, usinione mbaya. Desturi sikuitunga mimi."

"Hukuitunga, lakini imekukaa kama koti la kupimiwa."

Mokrane alicheka kidogo, akaangalia pembeni.

Ijumaa Wardia alifunga godoro lake kwa kamba, akalibeba kuelekea kituo cha basi, aende kwa shangazi yake. Njia inapita mbele ya mkahawa. Mokrane alikuwa ametundika tundu mlangoni, na wanaume wamejaa mpaka barabarani. Redio ilikuwa imezimwa. Belaidi aliimba kwa sauti yake yote: nyumba ni ya Wardia, nyumba ni ya Wardia. Mzee Hamush alikuwa akifuta machozi.

"Sauti hiyo!" alisema. "Mokrane, mwambie arudie pale mwisho."

Belaidi akarudia. Wanaume walimpisha Wardia na godoro lake, kisha wakasogea tena karibu na tundu wasikie vizuri.