Dawa Isiyo na Harufu

Dakika arubaini zilikuwa zimepita, na ukucha wa bandia kwenye kidole cha shahada ulikuwa bado unanata. Kadzo aliugusa kwa ncha ya kijiti. Kijiti kikazama, kikaacha kishimo.

"Bado?" Nabiha aliuliza. Alikuwa bi harusi wa Ijumaa, na leo ilikuwa Jumanne.

"Bado kidogo, dadangu. Dawa hii haina haraka."

Alijibu kwa sauti ya chini kwa sababu ya kamera. Bi Swabaha, mwenye saluni, aliitundika juu ya kioo wiki mbili zilizopita, ikaikodolea meza ya kucha peke yake. Upande wa nywele, alikosimama Everlyne akisuka, hakukutundikwa kitu. Tangu siku hiyo Kadzo alikuwa akijiuliza Everlyne alisema nini, na kwa nani. Everlyne naye aliacha kumkaribisha chai.

Saluni ilikuwa chini ya nyumba ya ghorofa, ndani ya kichochoro cha mtaa wa Kuze. Madirisha yalibandikwa karatasi nyeusi na mlango ukawekwa mapazia mawili, wapita njia wasione wanawake waliovua buibui. Hewa iliyoingia asubuhi ndiyo iliyotoka jioni. Juu aliishi mama mkwe wa Bi Swabaha, mgonjwa wa pumu. Zamani, walipotumia dawa ya kucha yenye harufu kali, bibi huyo alikuwa akigonga sakafu kwa mkongojo mpaka wafungue milango. Ndipo ikaletwa hii isiyo na harufu. Wateja waliipenda. Mtu angeweza kutoka kwenye kiti akaenda moja kwa moja msibani bila kunuka saluni.

"Kisichonuka hakidhuru," Bi Swabaha aliwaambia.

Sivyo alivyofundishwa Kadzo. Mwalimu wake, Caroline, aliyekuwa na darasa la chumba kimoja huko Majengo, aliwakataza wanafunzi kuiamini dawa kwa pua. "Hii haitaki kuchovywa sana," alikuwa akisema. "Chovya brashi kwenye dawa kama unayeogopa, kisha iguse unga. Tonge la unga liwe kavu, liache litulie kabla hujalitandaza. Likishakauka litabaki na utando wa kunata juu, uutoe kwa tupa. Na isiguse ngozi, hata tone. Ile inayonuka hukuonya. Hii haikuonyi."

Kadzo aliyafuata hayo miaka minne bila lalamiko. Mwezi huu tu ndipo kucha zilipoanza kubanduka. Wateja walirudi siku ya tatu wakiwa wamezifunga kwenye karatasi ya shashi, wakizimwaga mezani kama maganda ya korosho. Kadzo akabadilisha brashi, akidhani imeshika mabaki ya kazi ya zamani. Akabadilisha unga. Akazima feni. Akapunguza dawa mpaka tonge likawa kavu kama mchanga. Hazikushika.

Bi Swabaha alikuwa na maelezo yake. Alianza kuchora mstari wa kalamu kwenye chupa kila jioni. Kisha akaanza kusimama mlangoni.

"Hebu nifungulie mkoba."

"Jana uliutazama, Bi Swabaha."

"Jana si leo. Dawa yangu yatiwa maji, na nzuri yenda kwenu Majengo. Wadhani sijui wasichana wenzako wapaka watu kucha vibarazani kule?"

Ndani ya mkoba mlikuwa na chanuo, kopo la uji lililooshwa, na daftari la hesabu la binti yake Mapenzi. Bi Swabaha alilifungua daftari pia.

Sasa, Jumanne, alikuja akainama juu ya mkono wa Nabiha.

"Kuna nini?"

"Haijakauka," Kadzo alisema. "Naomba niitoe yote, nimwoshe, aje kesho. Ikikaa mbichi juu ya ngozi—"

"Mpake rangi. Itakaukia njiani."

"Bi Swabaha, haitakauka."

"Nani mwenye saluni?"

Everlyne aliacha kusuka, kisha akaendelea. Kadzo alichukua chupa ya rangi nyekundu, akapaka vidole vyote kumi, akifuatisha kingo kwa uangalifu mkubwa kuliko kawaida. Nabiha alinyoosha mikono mbele ya kioo, akacheka kwa furaha.

Kesho yake Kadzo alifika mapema, kabla ya Bi Swabaha kuteremka. Alichukua kigae cha bafuni kilichobaki walipokarabati choo, akakigeuza upande wa nyuma. Kwenye kabati palikuwa na chupa ya mwaka jana yenye mabaki ya kina cha ukucha. Akatengeneza tonge moja kwa dawa ya zamani na tonge moja kwa dawa mpya, unga uleule, brashi mbili mpya. Akaangalia saa.

Baada ya dakika tano tonge la kwanza liligongeka kwa kijiti, *ko, ko*. La pili halikugongeka. Lilivutika. Baada ya saa nzima likawa bado linavutika, na lilikuwa limeingia rangi ya manjano kama samli.

Aliichukua chupa mpya, akaipeleka kwenye mwanga wa mlango. Lebo ilikuwa nene. Alipitisha wembe chini ya kona yake, ikafunguka, na chini yake palikuwa na lebo nyingine. Tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa imepita miaka mitatu. Akatoa katoni chini ya kabati, akaigeuza. Kwenye ubavu uliokuwa umeelekezwa ukutani palikuwa na mhuri wa wino mwekundu, kwa Kizungu, kwamba mali hii ilikuwa imekataliwa na iteketezwe.

"Everlyne, hebu tazama."

Everlyne aliinama. Alisoma mhuri huo huku midomo yake ikitembea.

"Zaletwa na Mzamil," alisema. Mzamil alikuwa nduguye Bi Swabaha. Alikuwa na shughuli zake Shimanzi, katika magodauni ya karibu na bandari, na hakuna aliyezijua vizuri. "Rudisha mahali pake, Kadzo. Una mtoto."

Kadzo alirudisha katoni. Chupa moja aliitia ndani ya kopo la uji, kitu pekee mkobani ambacho Bi Swabaha hakuwa akikifungua.

Alhamisi baada ya adhuhuri Nabiha alirudi, ameshikwa mkono na mamake, Bi Mwanakuu. Uso alikuwa ameufunika, na mikono ameizungushia kanga mbichi. Ilipofunguliwa, Everlyne alirudi nyuma hatua moja. Vidole vilikuwa vimevimba kama ndizi mbivu, malengelenge yamezunguka kila ukucha, na maua ya piko, rangi nyeusi ya maharusi, yaliyochorwa usiku wa jana yalikuwa yamepasuka juu ya ngozi.

"Mwanangu yuwaolewa kesho," Bi Mwanakuu alisema. Hakupaza sauti. "Hawezi kushika hata kijiko. Ni nani alomfanya hivi?"

Bi Swabaha hakusita. "Huyu hapa. Nishamkanya mara ngapi? Yuwatia vitu vyake kwenye dawa yangu."

"Si kweli," Kadzo alisema. "Dawa ni mbovu. Tazameni katoni, chini ya kabati. Kuna mhuri."

Bi Mwanakuu alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Kisha akamtazama bintiye, ambaye alikuwa akilia bila kujifuta kwa kuwa hakuwa na kidole cha kujifutia.

"Uliona kuwa haikukauka?" Nabiha alimwuliza Kadzo.

"Niliona."

"Na ukanipaka rangi."

Bi Mwanakuu alifunga kanga. "Basi nyote wawili mtajieleza kwa serikali," alisema, wakatoka.

Jioni ile Mzamil alifika; ilikuwa mara ya kwanza Kadzo kumwona. Alikuwa mtu mpole, mwenye kanzu iliyopigwa pasi vizuri. Alimsalimu kila mmoja, akauliza hali ya watoto, akabeba katoni zote kwa mikono yake mwenyewe. Mlangoni aligeuka.

"Chupa ni ishirini na nne," alisema kwa upole. "Nimehesabu ishirini na tatu, pamoja na zile tupu."

"Labda ilivunjika," Kadzo alisema.

"Labda," Mzamil akasema, akatabasamu.

Afisa wa afya alikuja Jumatatu. Jina lake Ngowa. Alikagua sinki, akaandika. Akakagua mapazia, akaandika. Akafungua kabati, akakuta safu ya chupa mpya zenye tarehe nzuri na risiti iliyokunjwa chini yake. Alimhoji Bi Swabaha faraghani kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Alimwuliza Everlyne kama aliwahi kuona katoni yenye mhuri mwekundu.

"Mimi nasuka," Everlyne alisema. "Sikuona kitu."

Kisha akamwita Kadzo nje, kwenye kivuli cha kichochoro, na kumsalimu kwa Kigiriama, lugha ya mama ya Kadzo. Akamwuliza kwao ni wapi. Kaloleni? Yeye alikuwa na shangazi kule. Kadzo alisikia mabega yake yakishuka. Hakuwa amejua yalikuwa yamepanda.

"Watu hawa wanashikana," Ngowa alisema. "Sisi tukikaa kimya watatumaliza. Una chochote cha kunionyesha? Hata kidogo?"

Kadzo alimwangalia machoni. Alitafuta kitu cha kumtilia shaka, hakukiona. Wakaenda pamoja mpaka Majengo, kwenye chumba cha Kadzo. Akatoa kopo la uji juu ya kabati la vyombo, akatoa chupa, akamwonyesha lebo mbili, moja juu ya nyingine.

"Umefanya vizuri," Ngowa alisema. Aliitia chupa kwenye mfuko wa nailoni, akaandika, akampa kalamu. "Tia sahihi kwamba nimeipokea kwako."

Alitia sahihi. Siku mbili baadaye Ngowa alirudi na gari na karatasi iliyopigwa chapa, akamsomea amesimama mlangoni pa chumba. Kemikali iliyopitwa na wakati ilipatikana nyumbani kwa mhudumu, Majengo. Hakuna kemikali ya aina hiyo iliyopatikana katika saluni. Mhudumu hana cheti cha afya. Mhudumu amekiri kwa sahihi yake.

"Nilikupa wewe," Kadzo alisema. "Nilikupa kwa mkono wangu."

"Ndivyo ilivyoandikwa. Chukua kitambulisho, twende."

Ndani ya gari hakumfunga pingu. Walitoka kwenye vichochoro, wakakatiza mtaa wa Mwembe Tayari. Kadzo alingoja gari lielekee kituoni. Halikuelekea. Malori ya makontena yalizidi, vumbi likazidi, Ngowa akapandisha kioo.

"Jela ya Shimo la Tewa si mahali pa mwanamke mwenye mtoto," alisema. Safari hii alizungumza Kiswahili. "Faili hili laweza kwenda mahakamani. Laweza pia kukaa kwangu. Likikaa kwangu, nawe ukae karibu."

"Karibu wapi?"

Ngowa alipunguza mwendo. Alipiga honi mbele ya lango la mabati huko Shimanzi. Mlinzi alifungua bila kuuliza, akamwita Ngowa kwa jina.

"Mwanangu hutoka shule saa kumi," Kadzo alisema.

"Saa kumi utakuwa umetoka. Hapa si jela."

Ndani kulikuwa na joto na taa nyeupe. Katoni zenye mhuri mwekundu zilipangwa hadi kwenye paa, na wanawake wanane au tisa walikaa wakizunguka mabeseni ya maji moto, mikono mitupu, wakiondoa lebo kwenye chupa moja baada ya nyingine na kuzianika juu ya gunia. Lebo zilizotolewa zilielea majini, zingine zimewaganda kwenye viganja. Hapakuwa na harufu yoyote. Mwanamke mmoja wa makamo, aliyekuwa karibu na mlango, alimtazama Kadzo kutoka miguuni hadi usoni, kisha akautazama mlango ukifungwa nyuma yake.

"Wewe ndiye mpya?" aliuliza, akasogeza beseni lake kwa goti ili pawe na nafasi.