Unga Juu ya Kibodi

Kitanda cha mwanangu kililia kidogo gizani, mara moja tu, kama mtu aliyetaka kusema akajizuia.

Nilitoa vidole kwenye kibodi nikasikiliza. Chumba kizima hakikuwa na mwanga isipokuwa wa kioo cha kompyuta, nao nilikuwa nimeupunguza mpaka mwisho. Sisimizi, hilo ndilo jina alilopewa na baba yake kwa sababu hapiti penye makombo bila kubeba, alikuwa amelala kifudifudi, mkono mmoja unaning'inia. Ana miaka sita. Pumzi zilipanda na kushuka. Nikarudi kwenye sentensi niliyokuwa nimetoka kuiandika.

"Wifi angekuwa amezaa, angejua kwamba kichwa cha mtoto wa mwenzio hakiguswi bila kuuliza."

Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri. Mume wangu ni mwoka mikate. Hutoka saa kumi, nami huamka naye, na kati ya kuondoka kwake na kuchomoza kwa jua ndiyo saa yangu. Mchana ni wa sufuria na nguo, jioni niko darasani na watu wazima wenzangu. Saa ile moja naandika shajara. Nilianza kwa zoezi la mwalimu, sasa siwezi kuacha, kama mtu aliyezoea chai.

Jioni iliyotangulia nilirudi nikamkuta Sisimizi kichwa cheupe. Nywele nilizokuwa nikizisuka kila Jumapili zilikuwa kwenye mfuko wa takataka.

"Zilijifunga mafundo, analia nikichana," wifi aliniambia. "Nikaona nimpunguzie mateso."

"Sawa, wifi," nikajibu. Huyo ndiye mimi. Mdomoni sawa, alfajiri naandika.

Niliisoma sentensi mara mbili. Ilikuwa mbaya. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, amepoteza mimba tatu na ndoa moja. Alikuja kwetu kuuguza goti baada ya kupasuliwa, na ndiye aliyeniambia siku ya pili tu, "Nenda darasani kwako, mtoto niachie mimi." Bila yeye hakuna darasa, na mtihani ulikuwa umebakiza wiki tano. Zaidi ya mtihani, kuna maneno ambayo mtu akishayasoma huwezi kumwambia ayatapike. Ningeifuta palepale. Lakini hasira ikaniuliza, nani ataiona? Si imefungwa?

Imefungwa kweli. Mwalimu wetu wa kompyuta, ambaye tunamwita Nukta kwa jinsi anavyolisisitiza neno hilo, alitufundisha jioni mbili nzima. Alisema nenosiri la kuwashia kompyuta ni kitasa cha mlango tu. Mtu akiing'oa diski akaichomeka kwenye kompyuta nyingine, anasoma kama gazeti. Dawa yake ni kusimba fiche, yaani kuyageuza maandishi yenyewe yawe uji usiosomeka, mpaka aje mwenye ufunguo. Na ufunguo usiwe jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa. Uwe sentensi ya kipuuzi, ndefu, ambayo hata mumeo hawezi kuiota.

Basi nikatengeneza sanduku la siri ndani ya kompyuta yetu, ile tuliyoinunua imeshatumika, herufi M yake mpaka uikandamize. Shajara nikaitia humo. Nakala nikaiweka kwenye flashi, nayo nikaisimba vilevile, maana flashi ni kitu cha kudondoka popote. Ufunguo wa dharura nikaunakili kwenye karatasi, nikaikunja, nikaifunga uzi mwekundu na kuitumbukiza kwenye kopo la vifungo. Nukta alinipa alama kumi kwa kumi.

Tatizo ni kwamba tangu nifunge, ndipo siri zilipoanza kuvuja.

Niliandika kwamba wifi anaimba puani akiosha vyombo, wimbo uleule, haumalizi. Kesho yake akaosha kimya. Nikasema labda anaumwa koo. Nikaandika kwamba anaburuza kandambili kama mtu anayevuta gunia. Kesho yake akaanza kunyanyua miguu, na goti lile, akawa anatembea kama anavuka dimbwi. Nikaandika juu ya taulo bichi analolitundika mlangoni. Taulo likahamia kwenye kamba.

Moja ni bahati. Mara tatu ni mtu.

Nikaanza kumwangalia kwa pembe ya jicho. Akiniuliza "umeamkaje", nasikia swali jingine ndani yake. Akikaa karibu na meza ya kompyuta, nakumbuka ghafla kwamba meza inahitaji kufutwa. Nilihesabu hata wageni. Nilimshuku Nukta, labda anafundisha kufuli huku akibaki na funguo. Nilimshuku mume wangu, ambaye hawezi hata kuitafuta namba yangu kwenye simu yake mwenyewe. Mtu akishaanza kushuku, kila mlango unaonekana umeachwa wazi.

Unga wa mikate haukosekani kwetu, unakuja na mifuko ya suruali ya mume wangu. Nikawa nikimaliza kuandika nanyunyiza kibodi chembe kidogo, ukungu tu. Kidole kikigusa, kitaacha alama. Asubuhi kwa asubuhi unga ulikuwa kama nilivyouacha. Uzi mwekundu ulikuwa na fundo langu. Kompyuta yenyewe inaandika saa ambayo sanduku limefunguliwa mara ya mwisho, na saa zote zilikuwa zangu.

Ndipo nikatega. Jumatano alfajiri niliandika uongo mtupu, kwamba linanikera beseni jekundu ambalo wifi hulifudikiza karibu na mlango wa nyuma. Halinikeri hata kidogo. Nalipenda pale, naliona nikitoka.

Sasa Alhamisi ile, baada ya kuandika ile sentensi ya kuzaa na kutozaa, nilifunga sanduku, nikanyunyiza unga, nikachomoa flashi na kuitia mfukoni. Jua likachomoza. Nikafungua mlango wa nyuma. Beseni jekundu lilikuwa limetundikwa juu kwenye msumari, msumari mpya, umepigwa kwa mkono usiojua kupiga misumari.

Anasoma. Anapitia wapi sijui, lakini anasoma kila kitu, na mimi nimetoka kumwekea mle ndani neno la kumchoma moyo.

Siku ile nilimtazama uso wake kama mtu anayesubiri sufuria ichemke. Hakuniangalia. Alimenya viazi amenipa mgongo. Nikamsemesha, akajibu "eeh" na "hapana". Mchana akaenda kulala, jambo ambalo halifanyi. Jioni sikwenda darasani. Nilisema kichwa kinaniuma, na hakikuwa uongo.

Ijumaa alfajiri nikafungua sanduku nikaifuta ile sentensi. Unga ulikuwa haujaguswa, na mara ya mwisho lilifunguliwa na mimi, Alhamisi saa kumi na dakika ishirini. Sikuelewa tena kama napambana na binadamu. Kulipokucha nikapiga moyo konde, nikaenda jikoni. Wifi alikuwa anachuja chai. Sisimizi alikaa kwenye kigoda chake anatafuna ganda la mkate, kichwa kile kidogo kinang'aa.

"Wifi," nikasema, "nenosiri langu umelipata wapi?"

"Neno gani?"

"La kompyuta."

Aliweka chujio chini. "Mimi? Ile kompyuta hata vumbi siifuti, nisije nikaiamsha ikaniuliza maswali."

"Na beseni? Nani alikwambia beseni linanikera?"

"Si wewe."

"Mimi sijakwambia kitu."

"Hukuniambia, umetuma." Akamwelekezea Sisimizi kidevu. "Kila asubuhi ukienda kuoga, huyu anaingia kitandani kwangu na taarifa ya habari. Leo mama kasema hivi, leo mama kasema vile. Nikajua mke wa ndugu yangu anaona haya kunikabili, kamtuma mtoto. Nikasema haya, wasomi wana njia zao. Nikanyamaza kuimba, nikanyanyua miguu. Lile beseni nalo! Nimejigonga kidole kwa nyundo kwa ajili ya lile beseni."

"Sijamtuma mtu, wifi. Nilikuwa naandika. Siri zangu, peke yangu, gizani."

"Unaandika kwa sauti?"

Nikajigusa midomo kwa kidole.

Mwalimu aliyetufundisha kusoma, kabla ya Nukta, alikuwa mama mmoja wa makamo. Alituambia siku ya kwanza: mkono usiandike neno ambalo mdomo haujalisema. Ndivyo tulivyojifunza, watu wazima ishirini na wawili, kila mmoja ananong'ona herufi zake, darasa linavuma kama mzinga. Mpaka leo siwezi kuandika hata orodha ya sokoni midomo imetulia. Nilidhani midomo tu. Sikujua kwamba sauti nayo inatoka.

"Tena kila habari inaanza na dua," wifi akaendelea, na sasa alikuwa anazuia kicheko. "Ngamia wa posta anapiga mswaki Jumanne. Nikasema, kumbe kompyuta nazo zina dua zake."

Nikakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Nenosiri langu la kumi kwa kumi. Nimefunga madirisha, nimefunga milango, nimenyunyiza unga, na huku nasimama barazani natangaza.

"Mdomo huponza kichwa," wifi akasema, akanimiminia chai. Tukacheka, yeye kwanza, mimi nikafuata. Kisha akaacha kucheka. Akaivuta kanga yake mabegani na kumgeukia mtoto.

"Ila jana hukuja na habari," alimwambia. "Jana mama yako alisema nini? Maana nilijua nimekosea kwenye zile nywele. Siku nzima nasubiri kuambiwa, hata kumtazama usoni nashindwa. Sema tu, mwanangu. Shangazi hachukii."

Niliweka kikombe chini. Nilitaka kusema mimi, kusema chochote, lakini nilikuwa nasikia kitu kimoja tu, kitanda kile kinavyolia mara moja gizani, mara tu baada ya nukta ya ile sentensi.

Sisimizi alimtazama shangazi yake. Akanitazama mimi, muda mrefu kuliko kawaida yake. Akaokota chembe ya mkate pajani, akaitia mdomoni, akaitafuna mpaka ikaisha.

"Jana nililala mpaka jua likatoka."