Nafasi ya Ubavuni kwa Baba

Tangu ruksa ianze, serikali ilipoachia kila mtu afanye biashara, Mikumi yetu ilijaa nyumba za wageni pande zote za barabara kuu, na watu wa Morogoro wakaja kutafuta viwanja mpaka mashambani kwetu. Kaka yangu Kasiani alifurahi kupita kiasi. Alisema sasa na sisi tumekuwa watu wa mjini. Nilimwambia asubiri kwanza, akanicheka.

Wapimaji walipofika walimkuta yeye peke yake. Mama yetu, Regina, alikuwa amekwenda gulioni. Kaburi la baba aliwaonyesha, wakaliacha upande wetu. Halafu wakauliza wapi panalimwa na wapi pako wazi. Ubavuni kwa baba palikuwa peupe, hapana hata mhogo. Kasiani akadhani wanauliza habari za mazao, akajibu pako wazi. Pale ndipo mama alipojiwekea nafasi ya kaburi lake. Kwetu mtu halimi mahali atakapolazwa, anapafagia tu, na Kasiani alilijua hilo toka utotoni. Nilitamani kumzaba kibao.

Sehemu ile akapewa Elineema, mfanyabiashara wa Morogoro, mtu mpole kwa kweli. Mafundi wake walipoanza kuchimba msingi wa ukuta, mama alimfuata. Elineema akamwamkia kwa heshima, akasikiliza yote, akasikitika. Aliahidi kwamba siku ikifika atafungua geti, mama azikwe palepale, ndani ya uwanja wake.

Kasiani alimshukuru mpaka akapiga magoti. Hata mimi nilishusha pumzi. Mama akauliza, "Na wanangu wakitaka kuja kunipalilia, watabisha hodi kwa nani?"

Elineema aliinamisha kichwa. Ukuta ukaendelea kupanda.

Mwezi haukuisha, mama akafunga mizigo yake kurudi kwao Ulaya, si Ulaya ya Wazungu bali kijiji kisicho mbali na Mikumi, kwa dada yake, akiwa mzima wa afya. Alisema kule bado atapata pa kulala. Kasiani alilia na kuomba radhi. Mama hakumgombeza hata kidogo, na nadhani hilo lilimuuma zaidi.

Kabla ya kuondoka alikwenda kaburini, akajibana kati ya baba na ukuta, akaketi.

"Baba Kasiani," alisema, "mimi nimehamishwa. Wewe baki na watoto."